Amplifaya Iliyoachwa Ikiwaka

Mwizi alikuwa amevua viatu. Hilo ndilo jambo la kwanza lililomkera Inspekta Moriwaki.

Mvua ilikuwa imenyesha tangu mchana na mtaa wote wa Nishi-Ogikubo, Tokyo, ulikuwa chapachapa, lakini ndani ya nyumba ya Bwana Kanzaki Shigeo, ghorofa ya tatu, hapakuwa na hata alama ya tope. Mikeka ilikuwa mikavu. Madirisha yalikuwa mazima, na kitasa cha mlango hakikuguswa kwa chuma. Viatu vya mwenye nyumba vilikuwa vimepangwa kizingitini, jozi kando ya jozi, ncha zikitazama nje.

"Ndivyo unavyoviacha?" Moriwaki aliuliza.

"Mimi?" Kanzaki alicheka bila furaha. "Inspekta, mimi ni kapera. Viatu vyangu hulala vinapoangukia."

Alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, mrefu, mwenye sweta lililotoboka kiwiko. Alitoka alasiri kwenda kutafuta sanduku la kufungia mzigo, akarudi giza likiingia, akakuta ameibiwa kitu kimoja tu. Hedifoni. Si zile ambazo vijana huvaa kwenye treni. Hizi zilitengenezwa na ndugu wawili katika karakana ndogo huko Nagano, karakana iliyofungwa zamani, na watu wa mambo hayo huzitaja kwa sauti ya chini. Kigingi cha mbao zilipokuwa zikitundikwa kilikuwepo. Zenyewe hazikuwepo.

Kando ya kigingi, amplifaya ilikuwa ikiwaka.

Vali zake nne za kioo, mithili ya balbu, zilikuwa zimesimama juu ya kibati cheusi, kila moja na uzi mwekundu wa moto ndani yake. Moriwaki alisogeza kiganja akahisi joto.

"Hukuizima ulipotoka?"

"Nilikuwa sijaiwasha. Niliiacha baridi."

Sajini Oba, msaidizi wake, alikuwa amechuchumaa kando ya meza na tochi. "Yaani mwizi kaingia, kavua viatu, kapanga vya mwenyeji, kawasha mashine," alisema. "Afande, huyu alikuja kuiba au kupumzika?"

"Ufunguo wa akiba unaweka wapi?" Moriwaki alimuuliza Kanzaki.

"Kwenye kisanduku cha mita ya gesi, hapo nje."

"Nani anajua?"

"Wenzangu wa kikundi. Tunakutana hapa kila mwezi, tunasikiliza kwa zamu." Kanzaki alimeza mate. "Inspekta, Jumamosi kuna mtu anakuja kutoka Taipei kuvichukua vyote viwili, hedifoni na amplifaya. Nimekwisha kumpa neno langu. Zisipopatikana kabla ya hapo, basi."

Alisema hivyo, lakini macho yake hayakuwa ya mtu aliyepoteza biashara. Yalikuwa yameganda kwenye kigingi kitupu. Moriwaki alikuwa ameziona nyumba nyingi zilizoibiwa, na macho ya namna ile alikuwa akiyaona kwenye nyumba zenye msiba.

Mtaalamu wa alama za vidole alifanya kazi yake. Kwenye kitufe cha sauti alipata nusu ya alama ya kidole, ndogo, isiyo ya Kanzaki. Kwenye kioo cha vali moja palikuwa na ukungu wa mguso, wa mtu aliyeshika na kuachia haraka. Na kwenye swichi ya kuwashia palikuwa na nukta nyekundu.

"Damu?" aliuliza Oba.

Mtaalamu aliikwangua kidogo. "Rangi ya kucha. Ya siku nyingi."

Moriwaki aligeuka. "Bwana Kanzaki?"

"Ilikuwepo nilipoipata."

"Uliipata wapi?"

"Nilinunua. Zamani. Duka silikumbuki."

Mwalimu wa hesabu asiyekumbuka. Moriwaki hakubishana naye. Aliagiza amplifaya izimwe, ipoe, kisha ipelekwe kituoni kama kielelezo. Oba aliijaribu uzito, akatoa sauti ya mtu aliyekanyagwa.

"Hii ina mawe ndani?"

"Ina transfoma," Kanzaki alisema kwa upole. "Tafadhali usiishike kwenye kioo."

* * *

Jina ambalo Kanzaki alilitoa, baada ya kusukumwa kidogo, lilikuwa la mwanakikundi mmoja, Inukai. Duka lake lilikuwa Akihabara, mtaa wa vifaa vya umeme, chini ya reli, chumba chembamba kilichojaa visanduku vya vali kuukuu hadi darini. Kila treni ilipopita juu, vali zote zililialia. Mzee Inukai mwenyewe alikuwa mnene, mwenye miwani miwili, mmoja usoni na mwingine kwenye paji la uso.

"Kwenye mkutano wenu uliopita uligombana na Kanzaki," Moriwaki alianza.

"Nilimtukana. Kugombana ni kwa watu wawili, yeye alinyamaza."

"Ulisema utamvunja mkono."

"Nilisema mkono utakaozikabidhi hedifoni zile unyauke. Vitu viwili tofauti, andika vizuri."

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Hapa. Na huyu jirani muuza nyaya, tukibishana baseboli. Muulize, bado amenuna."

Oba alitoka kumuuliza. Moriwaki aliegemea meza.

"Ugomvi ulikuwa wa nini, mzee?"

"Amekwambia alizipata wapi?"

"Alinunua."

Inukai alivua miwani yote miwili. Hasira ilimpanda hadi masikioni. "Alinunua. Vile ni vya marehemu Tsukada. Fundi wa taa za reli, mtu wa maneno machache, ndiye aliyetuanzishia kikundi. Amplifaya ile aliijenga kwa mkono wake, waya kwa waya. Alipofariki, siku ya arobaini na tisa, ya kumaliza matanga, mjane wake alituita. Tukachoma ubani, tukala, akasema kila mmoja achague kumbukumbu. Mimi nilichukua koleo lake la kukatia waya. Hili hapa, silitumii, nalitazama tu. Kanzaki alikuwa rafiki yake kuliko sisi sote, akachagua hedifoni na amplifaya, na hakuna aliyemwonea kijicho. Lakini kumbukumbu ya marehemu unaiuzaje? Unakaa nayo mpaka na wewe ufe."

"Basi wewe ulikuwa na sababu nzuri ya kuzichukua."

"Ningechukua zote mbili. Hedifoni zile bila amplifaya ile ni bubu, Inspekta. Plagi yake ina meno matano, haiingii pengine popote. Hakuna mwanakikundi asiyejua hilo."

"Na mtu asiye wa kikundi?"

"Angenyakua akakimbia. Kuiwasha angeiwasha ya nini? Vali zinataka nusu saa zipate moto ndipo sauti ikae. Mtu wa nje hajui hilo."

Oba alirudi. Muuza nyaya alithibitisha kila kitu, akaongeza matusi juu ya timu ya Inukai.

Basi aliyeiba alijua kwamba mashine lazima iwashwe mapema, na hakujua kwamba hedifoni bila mashine hazisemi. Moriwaki alilizungusha jambo hilo kichwani mpaka stesheni. Mbele ya lango la tiketi alitoa simu, akaandika neno ambalo huliandika kila siku akimaliza kazi: "Natoka." Mkewe akilisoma huwasha maji ya kuogea, ili yeye akifika ayakute ya moto.

Alisimama na simu mkononi. Watu walimpita huku na huku.

"Oba. Kwenu nani anawasha maji ya kuoga?"

"Hilo ni swali la kikazi, afande?"

"La kikazi."

"Mama. Baba hata kitufe hakijui kilipo."

"Na mama anaoga saa ngapi?"

"Wa mwisho. Si ndivyo kwa kila mtu?"

"Ndivyo," Moriwaki alisema. Jambo hilo hakuwahi kulifikiria, na sasa lilimkaa vibaya kifuani.

* * *

Asubuhi alimwita Kanzaki kituoni.

"Ulinidanganya."

"Ndiyo."

"Uliona aibu."

Kanzaki aliinamisha kichwa. Mikono yake mikubwa ilikuwa imelala mezani, haina la kufanya. "Miaka arobaini nimesikiliza na Tsukada. Mmoja anavaa, mwingine anangoja zamu, kisha tunaulizana. 'Umesikia hapo?' Ndiyo mazungumzo yetu yote. Tangu afe nimezivaa peke yangu. Kila panapofika mahali pazuri nageuka nimuulize. Hayupo. Nimechoka kugeuka, Inspekta. Namkumbuka mpaka naumwa. Nikasema ziende mbali, kwa mtu asiyemjua."

"Mjane ulimwambia?"

"Ningeanzia wapi?"

"Amewahi kuja nyumbani kwako?"

"Shemeji? Mara nyingi. Tsukada alikuwa akija mikutanoni na mashine yake, anasahau dawa zake, naye anamletea. Kama hatukusikia hodi, anachukua ufunguo nje na kuziweka mlangoni."  Uso wa Kanzaki ulibadilika polepole. "Hapana, Inspekta. Yule mama hapana."

* * *

Bi Tsukada Nobue aliishi vituo viwili vya treni mbele, ghorofa ya nne, mahali ambapo lifti ilikuwa na karatasi ya kuomba radhi. Alifungua kabla hawajabisha mara ya pili. Mama mdogo wa umbo, nywele nyeupe zimebanwa, aproni kiunoni. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimefungwa bandeji.

"Mmechelewa," alisema. "Nilidhani mngekuja jana. Karibuni."

Moriwaki alivua viatu akaingia. Alipotazama nyuma, mama alikuwa ameshapiga magoti na kuvigeuza vitazame mlango. Mkono wake ulifanya hivyo huku uso ukiwatazama wao.

Sebule ilikuwa na madhabahu ndogo yenye picha ya mwanaume mwenye kofia ya reli. Kiti kimoja cha zamani kilitazama dirisha, kimeupa mgongo mlango wa jikoni. Mbele yake kulikuwa na meza fupi, na juu ya kitambaa safi, hedifoni. Waya wake ulikuwa umekunjwa vizuri, plagi ya meno matano juu.

"Mama Tsukada," Moriwaki alianza, "una haki ya kunyamaza. Lolote—"

"Hazisemi," mama alimkatiza.  "Nimejaribu redio, nimejaribu televisheni. Haiingii popote. Usiku kucha nilizivaa hivyo hivyo. Mwanangu, nimeziharibu?"

Moriwaki alikuwa ameandaa maswali. Yote yalimtoka kichwani.

"Hujaziharibu, mama. Zinataka ile amplifaya."

"Ile nzito."

"Ile nzito."

Mama alishika tama. Hakulia. Alikaa tu akizitazama, na mtu yeyote angeona alivyozitamani.

Moriwaki alikohoa. "Sajini. Sheria inataka kielelezo kithibitishwe kama ndicho chenyewe na kama kinafanya kazi. Kalete amplifaya. Na mlalamikaji aje aitambue."

"Afande, ghorofa ya nne. Lifti mbovu."

"Ndiyo maana siendi mimi."

Oba alimtazama mama, akamtazama mkuu wake, akashuka.

Alirudi anahema, Kanzaki nyuma yake akiwa ameishika mashine upande mmoja. Kanzaki hakuthubutu kuinua macho. Waliiweka kwenye meza fupi, mahali ambapo miguu yake minne ilikuwa imeacha alama kwenye mbao. Waliunganisha waya za mashine ya diski iliyobaki pale tangu siku za marehemu.  Mkono wa mama ulikwenda wenyewe kwenye nukta nyekundu ukabonyeza.

"Nusu saa," alisema. "Nitawapa chai."

Ni katika nusu saa hiyo alipoeleza yote, vali zikipata moto taratibu, Oba akiandika.

"Alikuwa ananipigia kutoka stesheni. 'Natoka.' Basi, mimi nawasha. Nukta niliiweka mimi, maandishi yale madogo siyaoni. Akifika anaoga, anakula, anakaa kwenye kiti hiki, anavaa. Mimi naosha vyombo pale, naangalia mgongo wake. Tuliishi hivyo mpaka akafa."

"Hakuwahi kukuita usikilize?"

"Aliniita. Mara moja, tulipokuwa vijana. Alizivua, akanigeukia, akasema, 'Nobue, njoo usikie hii.' Nilikuwa na mikono ya sabuni. Nikasema baadaye." Alizungusha kikombe. "Hakuita tena. Alikuwa mtu wa kusema jambo mara moja. Na mimi nikaona haya kuomba. Kila jioni nilijiambia, kesho."

Kanzaki alifunika uso kwa kiganja.

"Kwa nini ulimpa Bwana Kanzaki?"

"Nilisema wachague. Mwenye kusema chagua atakataaje? Nikaona ni sawa, zinakwenda kwa mwenzake, siku moja nitamwomba. Kisha Inukai akaja kuchoma ubani. Alidhani niko mbali. Akamshtakia marehemu hapo mbele ya picha, kwa hasira, kwamba zinauzwa Taipei, Jumamosi. Mimi nilikuwa jikoni, naosha vyombo."

"Ndipo ukaamua kuiba."

"Nilikwenda kumwomba. Dakika chache tu, kabla hazijaenda. Nikabisha hodi, kimya. Ufunguo najua unapokaa. Nikasema nitangoja ndani, nje mvua. Viatu vyake vilikuwa ovyo, nikavipanga. Na ilikuwa saa ile ya Tsukada kurudi. Nikaiona, mkono ukawasha." Alitabasamu kidogo, kwa aibu. "Nikakaa kungoja, mikono magotini, moto ukafika. Kisha sikujua kinachofuata. Kuwasha najua. Kinachofuata alikuwa anafanya yeye. Kitufe gani, diski inaingia wapi. Nikaona nitakufa sijui. Uchungu ukanipanda, nikasema nivibebe vyote nyumbani, nitajifunza. Nikaishika ile, ikaniunguza. Nikasikia lifti. Nikachomoa nilichoweza kubeba, nikashuka kwa ngazi."

Kama asingeiwasha, angeibeba ikiwa baridi. Moriwaki hakulisema hilo.

"Unakiri, basi, kuingia na kuchukua bila idhini."

"Nakiri. Nilichukua kitu nilichokuwa nimekitoa kwa mkono wangu mwenyewe. Hata Tsukada angenishangaa."

Kanzaki alijongea kwa magoti, akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka. "Shemeji, nisamehe. Mtu wa Taipei atarudi mikono mitupu. Inspekta, mimi sina malalamiko. Sikuwahi kuwa nayo."

"Nitaandika ilivyokuwa, na mwendesha mashtaka ataamua," Moriwaki alisema. "Na maneno yako nitayaandika kwa herufi kubwa."

Oba alifunga kalamu. "Afande, kielelezo kimepata moto."

Kanzaki aliinuka akaichomeka plagi. Kwenye mashine ya diski mlikuwa na diski moja, aliyoiacha marehemu, hakuna aliyeitoa. "Kaa, shemeji."

"Kwenye kiti chake?"

"Kwenye kiti chake."

Alikaa kwenye ukingo, kama mgeni. Kanzaki alimvalisha, akambonyezea kitufe, akarudi nyuma mpaka mlango wa jikoni walipokuwa wengine. Hedifoni zile ziko wazi pembeni, na chumba kikiwa kimya huvuja uzi mwembamba wa sauti.

Mama alisikiliza. Muda ulipita.

"Ni piano tu," alisema, kwa sauti kubwa ya watu waliofunikwa masikio. "Miaka yote ile. Ni piano tu."

Oba aliangalia chini. Moriwaki alimfikiria mkewe, anayebaki peke yake kila jioni na maji yake ya moto, na akatamani kuwa nyumbani.

Lakini mama hakuzivua. Polepole mgongo wake ulirudi nyuma mpaka ukakiegemea kiti. Akanyanyua kidole chenye bandeji. "Ngoja. Kuna mtu anavuta pumzi. Kabla ya kupiga, anavuta pumzi."

Hawakumjibu, asingewasikia. Walisimama jikoni watatu, wakitazama mgongo wake, na dirisha mbele yake likiwa jeupe kwa mchana. Kanzaki alikuwa akiufuata ule uzi wa sauti kwa midomo. Wimbo aliujua. Mahali fulani palikuwa panakaribia, na mabega yake yalianza kukaza, kama mtu anayejizuia asigeuke.

Mahali pakafika.

Mama aligeuka kwenye kiti, hedifoni kichwani, mashavu yamelowa, akimtafuta kwa macho.

"Kanzaki," alisema kwa sauti kubwa. "Umesikia hapo?"

Kanzaki alisogea hatua moja kutoka mlangoni. Akaitikia kwa kichwa, mara nyingi.